Askari Waliorudi Acholi: Chimbuko la Uasi wa Lakwena na Kony

Machi 1986 jeshi la NRA la Yoweri Museveni liliingia Gulu, kisha Kitgum, na vita vya kugombea Uganda vikahesabiwa kuwa vimekwisha. Museveni alikuwa ameshaapishwa Kampala tarehe 29 Januari. Kusini mwa nchi watu walishangilia. Kaskazini, katika nchi ya Waacholi, vita vipya vilianza kabla mwaka huo haujaisha. Viliendelea ndani ya Uganda kwa miaka 20, kisha vikahamia Kongo, Sudan na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Walioviongoza hawakuwa majenerali wala wanasiasa wenye jina. Wa kwanza alikuwa mwanamke mchuuzi wa samaki na unga aliyesema kwa kinywa cha roho. Wa pili alikuwa kijana wa kijijini aliyeacha shule. Ili kufahamu watu wa namna hiyo walipataje jeshi, hapana budi kuwafuata askari walioshindwa vita vya kwanza, na kuangalia walivyopokewa walipofika kwao.

Uhusiano wa Waacholi na bunduki ni wa zamani. Mwaka 1911 na 1912 Waingereza waliwanyang'anya silaha kwa nguvu, na ukoo wa Lamogi ukakimbilia kwenye milima ya Guruguru ukapigana hadi ukashindwa. Baada ya hapo serikali hiyohiyo ya kikoloni iligeuka ikaanza kuwaandikisha jeshini. Kusini kulipandwa pamba na kahawa, kukajengwa shule na ofisi. Kaskazini kulitoa vibarua, polisi na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Kijana wa Kiacholi aliyetaka fedha ya mahari alikuwa na njia chache zilizo bora kuliko jeshi. Humo alijifunza Kiswahili, lugha ya amri na ya kambi, na ndiyo maana kwa raia wengi wa Buganda Kiswahili kilikuja kusikika kama sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Lugha ilibeba lawama isiyokuwa yake.

Idi Amin alipopindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, askari wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa kwa mamia ndani ya kambi zao, kwa sababu walidhaniwa kuwa watu wa Obote. Walionusurika walikimbia, wengi wao wakafika Tanzania. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, wakimbizi hao walirudi Uganda bega kwa bega na askari wa Tanzania, wakiwa katika Kikosi Maalum kilichoongozwa na David Oyite-Ojok na Tito Okello. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kikosi hicho, pamoja na wapiganaji wa Museveni wa FRONASA, kilikuwa msingi wa jeshi jipya la taifa, UNLA.

Jeshi hilo halikutulia. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote madarakani, Museveni akaukataa, na tarehe 6 Februari 1981 akashambulia kambi ya Kabamba. Vita vikahamia Luwero, kaskazini mwa Kampala. Huko UNLA iliwafanyia raia ukatili mkubwa. Vita vilipokwisha, mafuvu yalipangwa kando ya barabara yaonwe na kila mpita njia. Waacholi walikuwa wengi katika vikosi vilivyopelekwa mstari wa mbele, wakanung'unika kwamba wao wanakufa huku Walango, watu wa kabila la Obote, wakipandishwa vyeo. Oyite-Ojok alipofariki katika ajali ya helikopta Desemba 1983, manung'uniko yaligeuka kuwa uhasama. Tarehe 27 Julai 1985 maofisa wa Kiacholi, Bazilio Olara-Okello na Tito Okello, walimwondoa Obote. Kwa mara ya kwanza Waacholi walikuwa na rais wao, na urais huo ulidumu nusu mwaka. Mkataba wa amani na Museveni, uliosainiwa Nairobi tarehe 17 Desemba mbele ya Rais Daniel arap Moi, haukuheshimiwa na upande wowote. Mwishoni mwa Januari 1986 NRA ilikuwa imeshaitwaa Kampala.

Askari wa UNLA walirudi nyuma hadi kaskazini kwa maelfu, wengine wakapitiliza hadi Sudan. Waliobaki walirudi vijijini kwao na bunduki zao, na humo ndimo mambo yalimoharibika.

Katika desturi ya Kiacholi mtu aliyeua vitani hakuingia nyumbani hivihivi. Aliyekufa kifo kibaya aliaminika kuacha roho ya kisasi, iitwayo *cen*, inayomfuata muuaji, kumtia wazimu, kisha kuwaandama watoto na jamaa zake. Kabla ya kuruhusiwa kukaa na wengine, mpiganaji alitakaswa na wazee wa ukoo. Mfumo huo ulijengwa kwa vita vidogo, ambamo muuaji alimjua aliyemuua na ukoo wake ulijulikana. Vita vya Luwero havikuwa vya namna hiyo. Vijana walirudi wakiwa wameua watu wasiowajua, wanawake na watoto wakiwemo, mbali sana na madhabahu za koo zao. Wengine walikataa kutakaswa, wakiona wazee wamepitwa na wakati. Hawakuweza tena kulima, wakaishi kwa kupora majirani. Wazee nao walisema wazi kwamba balaa lote lililoiangukia nchi, kuanzia kushindwa vita hadi ugonjwa mpya wa UKIMWI, limeletwa na damu ya Luwero. Kwa hiyo askari aliyeshindwa na adui alishindwa pia na nyumbani kwake.

Kosa la mshindi lilikuja juu ya hilo. Wiki za kwanza NRA ilijiheshimu. Baadaye ulinzi wa Kitgum uliachiwa kikosi kilichotokana na FEDEMU, kundi la wapiganaji wa Buganda waliokuwa wameungana na Museveni, ambao miongoni mwao walikuwapo watu waliopoteza ndugu zao Luwero. Walilipiza. Kulitokea mauaji, ubakaji na uporaji, na mauaji ya Namokora ya Agosti 1986 bado yanakumbukwa Kitgum. Serikali ilikuwa imeshatoa amri kwamba silaha zote zirudishwe na askari wa zamani wajiandikishe kwenye kambi. Amri hiyo pengine ilikuwa ya kawaida kwa jeshi lililoshinda, lakini kwa Mwacholi kuitwa kambini kulimkumbusha 1971 na wale walioitwa wasitoke. Katika kipindi hichohicho waporaji wa Karamoja walishuka na silaha wakaswaga ng'ombe wa Waacholi karibu wote, na wenyeji wakaamini kwamba jeshi lilitazama tu, au hata lilishiriki. Ng'ombe walikuwa mahari, ada ya shule, jembe la kukokota na akiba ya uzeeni. Vijana waliopoteza mshahara wa jeshi walipoteza sasa na urithi wa baba zao.

Mwitikio wa kwanza ulikuwa wa kisiasa wa kawaida. Maofisa waliokimbilia Juba waliunda UPDA, jeshi lililotaka kurudisha serikali iliyopinduliwa, na mnamo Agosti 1986 wakaanza kushambulia. Lilikuwa na makamanda, madai yanayoeleweka na wawakilishi ughaibuni. Kilichokosekana ni jibu la swali lililowasumbua wapiganaji wenyewe: mtu mwenye damu mikononi atasafishwa na nani?

Jibu lilitoka Opit, kituo kidogo kwenye reli ya kutoka Tororo kwenda Gulu na Pakwach. Alice Auma, aliyezaliwa mwaka 1956, alikuwa ameolewa mara mbili na kuachwa kwa kukosa watoto. Kwa mujibu wa wafuasi wake, tarehe 25 Mei 1985 aliingiwa na roho iitwayo Lakwena, yaani mjumbe, ambayo ilisemekana kuwa ya kapteni wa Kiitaliano aliyezama katika Mto Nile wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Roho hiyo ilimpeleka Paraa, katika mbuga ya maporomoko ya Murchison, ambako alizungumza na wanyama na maji juu ya vita na dhambi za binadamu. Aliporudi alikaa Opit akitibu wagonjwa, na wateja wake wengi walikuwa askari waliorudi. Tarehe 6 Agosti 1986 Lakwena ilimwamuru aache uganga. Ilisema hakuna maana ya kumponya mtu leo ili auawe kesho. Aunde jeshi, apambane na uovu.

Jeshi hilo liliitwa Vikosi vya Roho Mtakatifu, na lilikuwa mahali pa kutakaswa kabla ya kuwa jeshi. Aliyejiunga alichoma hirizi zake, akaungama, akapakwa mafuta ya shea na kunyunyiziwa maji. Baada ya hapo roho za aliowaua hazikuwa na haki juu yake tena. Alichonyimwa na wazee alikipata kwa saa chache, na bila kuulizwa ukoo. Kisha alipewa masharti 20: asizini, asivute sigara, asinywe pombe, asiibe, asiue nyoka wala nyuki, asijikinge nyuma ya mti wala kichuguu wakati wa mapigano. Sharti la mwisho, ambalo wasimulizi hawalisahau, lilimtaka mwanamume awe na makende mawili, yasizidi wala yasipungue. Vitani askari hao walikwenda wima, vifua wazi vikiwa vimepakwa mafuta, wakiimba tenzi za kanisani. Mbele walitangulia warusha mawe, ambayo yaliaminika kwamba yangelipuka kama mabomu. Risasi, walifundishwa, humpata mwenye dhambi tu. Aliyeanguka alikuwa amevunja sharti.

Ni rahisi kucheka, na magazeti ya Kampala yalicheka sana. Hata hivyo mpango huo ulikuwa na mantiki yake. Roho kadhaa ziligawana kazi: Lakwena mwenyekiti, Wrong Element kutoka Marekani, Ching Po kutoka Asia, Franko kutoka Zaire, Nyaker aliyesimamia tiba. Kila kampuni ilikuwa na roho yake. Makarani waliandika maneno ya roho, hesabu za chakula na majina ya waliokufa. Kati ya walioandamana na Alice alikuwemo Isaac Newton Ojok, aliyewahi kuwa waziri wa elimu wa Obote. Uporaji wa raia ulikatazwa, na kwa muda katazo hilo lilishikwa kuliko katika jeshi lolote lililopita nchi ile tangu 1971. Wakulima waliochoshwa na askari wa kila rangi waliliona hilo. Wenye msimamo mkali mara nyingi huaminiwa kwanza kwa adabu yao, na hofu ya imani yao hufuata baadaye.

Mashambulizi ya Gulu ya Oktoba 1986 yalishindwa, lakini mwishoni mwa mwaka, karibu na Corner Kilak, askari wa NRA walikimbia mbele ya umati ulioimba na usiorudi nyuma. Wiki chache baadaye, mahali hapohapo, bunduki nzito ziliua waimbaji kwa mamia. Alice hakurudi nyuma. Mwaka 1987 jeshi lake, linalokadiriwa kuwa na watu kati ya 7,000 na 10,000, lilishuka kusini kupitia Lango, Teso na Tororo hadi Busoga, likijizolea Waiteso na wengine wenye madai yao dhidi ya serikali. Mwishoni mwa Oktoba lilifika jirani na Jinja, kiasi cha kilomita 80 kutoka Kampala. Busoga ilikuwa nchi ya watu wasioijua lugha ya jeshi hilo wala kuzihitaji roho zake. Wanakijiji waliwaonyesha askari wa serikali mahali wageni walipojificha. Vikosi vya Roho Mtakatifu vilisambaratika humo. Alice alivuka mpaka akaingia Kenya, akafungwa kwa kuingia bila kibali, akamalizia maisha yake kama mkimbizi. Alifia katika kambi ya Ifo, Dadaab, Januari 2007.

Kushindwa huko kulikuwa nafasi ya kumaliza vita, na serikali iliitumia nusu. Tarehe 3 Juni 1988 sehemu kubwa ya UPDA ilitia saini mkataba wa amani katika uwanja wa Pece mjini Gulu. Maofisa walipewa vyeo, askari wao wakaingizwa NRA. Waliobaki porini walikuwa wale ambao cheo hakikuwatibu, na waliokuwa na wasiwasi kwamba mkataba utavunjwa kama ule wa Nairobi. Miongoni mwao alikuwa Odong Latek, kamanda mzoefu, aliyejiunga na Joseph Kony.

Kony alizaliwa Odek, mashariki ya Gulu, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alijitangaza kuwa amejazwa roho mwaka 1987, akataka ushirikiano na Alice, ambaye alimkataa. Alirithi mafuta, maji na masharti, lakini Latek alimletea kitu ambacho Alice alikidharau: mbinu za msituni. Chini ya Kony askari walijificha, walivizia, walipiga na kutoweka. Kundi lilibadili majina mara kadhaa kabla ya kujulikana kama LRA, Jeshi la Bwana la Upinzani.

Badiliko zito zaidi lilihusu adui. Kwa Alice, Waacholi walikuwa watu wa kutakaswa. Kony alifikia kuwaona kuwa watu wa kuadhibiwa. Sehemu ya sababu ni operesheni ya serikali ya mwaka 1991, iliyoambatana na kuundwa kwa vikundi vya wanakijiji wenye pinde na mishale kuwapinga waasi. Kony aliwachukulia wanakijiji kuwa wasaliti. Watu walikatwa midomo, masikio na mikono. Hata baiskeli ilipigwa marufuku, kwa sababu mwenye baiskeli angeweza kuwahi kuripoti, na aliyekamatwa akiendesha alikatwa mguu. Uasi uliopoteza raia wake hauna pa kupata askari wa hiari, na LRA ilikwisha kuacha kuwatafuta. Iliwateka watoto.

Huenda yote yangeishia mwaka 1994. Betty Bigombe, waziri wa Kiacholi aliyepewa jukumu la kutuliza kaskazini, alikuwa ameanza mazungumzo na waasi mwishoni mwa 1993, akakutana nao porini bila silaha, na makamanda kadhaa walionyesha kuchoka. Tarehe 6 Februari 1994 Museveni aliwapa siku saba wasalimu amri. Ilidaiwa upande wa serikali kwamba Kony alikuwa tayari anazungumza na Khartoum na anavuta muda tu. Vyovyote ilivyokuwa, mazungumzo yalikufa, na mwaka huohuo Sudan ilianza kumpa Kony silaha na kambi, ikilipiza msaada wa Uganda kwa waasi wa SPLA wa John Garang. Kundi lililokuwa limebaki na mamia ya watu wenye njaa likapata bunduki mpya, mabomu ya kutegwa ardhini na makazi ya kudumu Aru na Jebelein. Aprili 1995 waasi waliua zaidi ya watu 200 Atiak. Oktoba 1996 waliteka wasichana 139 kutoka shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Mtawa Rachele Fassera aliwafuata porini kwa miguu akarudi na 109. Kwa jumla watoto waliotekwa katika vita hivyo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Wengi walilazimishwa kuua jirani au ndugu katika siku zao za kwanza, ili wasiwe na nyumbani pa kurudi.

Kuanzia 1996 serikali iliwahamishia raia katika kambi ilizoziita vijiji vya ulinzi. Ulinzi ulikuwa haba, na katika kambi zilizosongamana malaria na kuhara vilishindana na waasi kwa kuua. Katikati ya miaka ya 2000 watu karibu milioni 1.8 wa kaskazini walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao, na kila jioni maelfu ya watoto walitembea kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu, kwenye baraza za maduka na vituo vya basi.

Mfano wa Teso unaonyesha kwamba mkondo huu haukuwa lazima. Waiteso nao walikuwa na askari walioachishwa kazi mwaka 1986, nao walinyang'anywa ng'ombe na Wakaramoja, nao walianzisha uasi mwaka 1987 kupitia UPA ya Peter Otai. Jeshi liliwatesa vilevile; Julai 1989 huko Mukura wanaume 69 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya behewa la treni walimofungiwa. Lakini baada ya Mukura serikali ilikiri kosa, ikaunda tume ya rais kwa ajili ya Teso, ikawatuma wazee na wanasiasa wa hukohuko kuzungumza na vijana wao. Kufikia 1992 uasi ulikuwa umekwisha. Teso haikuwa na mpaka na Sudan, jambo ambalo lilisaidia sana. Pia vijana wa Teso hawakubeba jina la Luwero, na mtu wa kuwapokea walikuwa naye.

Sehemu iliyobaki ya historia ya LRA inahusu zaidi majirani wa Uganda. Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 iliwatoa porini maelfu. Operesheni ya Machi 2002 ndani ya Sudan iliwarudisha waasi Uganda kwa hasira, na Februari 2004 wakaua mamia katika kambi ya Barlonyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa Kony na makamanda wanne mwaka 2005. Mazungumzo ya Juba yaliyoanza Julai 2006 yalisimamisha vita ndani ya Uganda, na kambi zikaanza kufungwa, ingawa Kony mwenyewe hakusaini mkataba wa mwisho mwaka 2008. Desemba mwaka huo Uganda ilishambulia maficho yake Garamba, Kongo. Wapiganaji walitawanyika, na sikukuu ya Krismasi wakaua raia kwa mamia Faradje, Doruma na vijiji vingine vya Haut-Uele, watu ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika ugomvi wa 1986.

Kati ya watano waliotolewa hati za kukamatwa mwaka 2005, ni mmoja tu aliyehukumiwa. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule, akapanda vyeo hadi kuongoza brigedi, akajisalimisha Januari 2015. Februari 2021 mahakama ya The Hague ilimtia hatiani kwa makosa 61 na Mei ikamfunga miaka 25, ikipunguza adhabu kwa sababu ya utoto wake wa mateka. Februari 2024 majaji waliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika 49,772. Ongwen hana mali, kwa hiyo fedha hizo zinategemea michango itakayokusanywa na mfuko wa mahakama kwa ajili ya waathirika.